Kipande cha Kwanza cha Halua

Nina shahada ya chuo kikuu, na bado jana sikulala kwa swali hili: wasichana wa timu ninayoifundisha wakishinda, kipande cha kwanza cha halua nimpe nani?

Walishinda. Nilipoifungua halua, harufu ya iliki ikanirudisha uwanja huuhuu wa Bondeni, utotoni. Mwalimu wetu wa mpira wa kikapu alikuwa na desturi: aliyefunga sana ndiye aanzaye kula halua ya ushindi. Siku moja nilifunga sana mimi, kwa sababu rafiki yangu alisimama kama ukuta nipate kupita, akapigwa kiwiko, mdomo ukavuja damu. Alipounyosha mkono, mwalimu akacheka.

"Mwanangu, umefunga ngapi wewe? Ngoja makombo."

"Haya, mwalimu," alisema, akaushusha.

Mimi nikaendelea kutafuna. Hasira niliyojikasirikia kwa kutafuna kule haijanitoka.

Leo mwalimu yuleyule, mgeni wetu wa heshima, alinong'ona, "Mpe mfungaji, binti."

Nilikata kipande kikubwa, nikampita mfungaji, nikampa yule aliyewazuia wapinzani mechi nzima bila kufunga hata mara moja.

"Huyu kwanza, mwalimu," nikasema. "Wewe utangoja."