Betri Niliyoipima kwa Kilo

Mama yangu ana kisukari, na insulini yake haivumilii joto. Kila mwezi huenda Mutshatsha kununua mahindi, na kwa siku nne hulala ndani ya basi lake dogo, lenye godoro, taa na friji ndogo inayotegemea paneli ya jua iliyo juu ya paa. Betri ilipokufa, alinituma sokoni Kolwezi.

"Si weye njo ulisoma?"

Kusoma kumenifundisha kushuku. Muuzaji alinionyesha betri mbili za ukubwa uleule. Ya litiamu niliinyanyua kwa mkono mmoja. Mbona nyepesi hivi? Ndani kuna nini, hewa? Ya madini ya risasi, ile ya kawaida, ilinivuta bega.

"Patro, kamata ile nyepesi," alisema, kana kwamba mimi ni bosi. "Njo inadumu."

Kwa nini anaisifu ya bei kubwa? Nikabeba ile nzito hadi kwa jirani yake, mnunuzi wa madini, nikaomba mizani. Ilizidi hata kilo zilizoandikwa ubavuni. Kwetu kila gunia la madini hupitia mizani. Nikaona nimepewa nyongeza. Nikailipia.

Nyumbani sikujiamini hata mimi mwenyewe. Mama akiwa bado na dawa yake kwenye friji ya jirani yetu wa nyumbani, niliichaji betri siku nzima. Kesho yake asubuhi nilichomoa waya wa paneli, nikatia kifuko cha barafu kwenye kichumba cha kugandishia cha friji, na kila nusu saa nikaandika volti kwenye daftari. Kabla ya adhuhuri friji ilinyamaza. Jioni barafu ilikuwa maji.

Mama akatazama daftari. "Ilikuwa na kilo ngapi?"

Nikamtajia. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba yako alikuwa analowesha magunia ya madini mbele ya kupima, ikuwe nzito. Bachimbaji bote banajua ile. Na weye unanunua betri kwa kilo?"

Asubuhi iliyofuata tukarudi sokoni na betri, friji, kifuko kilichogandishwa upya na kigoda cha mama.

"Tata, hatukuje kugombana," alimwambia muuzaji. "Washa friji yangu na ile nyepesi. Mi niko nakaa hapa."

"Mpaka saa ngapi, mama?"

"Mpaka utafunga."

"Lakini nilimuambia, huyu mutu ya inivasite!" Akanigeukia mimi, huyo msomi wa chuo kikuu. "Sikukuambia?"

Aliniambia, kweli. Lakini hakuniambia kilichotiwa ndani ya ile nzito kuongeza kilo, na nilipomuuliza alianza kupanga nyaya zake.

Jioni mama alibonyeza kifuko: kigumu kama jiwe. Tukabadilishana betri, tukaongeza pesa. Mimi nilikuwa bado nawaza: siku moja si siku nne.

Mama alipofika Mutshatsha nilimpigia simu asubuhi, mchana, na jioni. Siku ya tatu alipokea na kunijibu kabla sijauliza kitu.

"Barafu ingali ngumu. Dawa iko baridi. Na weye, ulikula?"

Sikuwa nimekula.