Pumzi Iliyotoka Darini kwa Bi Mwamini

Kuna wanawake hapa Ujiji ambao mpaka leo wakiniona napita sokoni hukunja kanga zao mpaka magotini na kujifanya wanatimua mbio, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, nami nacheka nao maana nitafanyaje, aibu ikishaonwa na mji mzima huwezi tena kuifunika kwa ungo. Basi ni afadhali mnisikie mwenyewe, kwa sababu wanaoisimulia huko wanaongeza chumvi, wanasema nilikimbia mpaka gatini, na mimi gatini sikufika (niliishia msikitini).

Mimi kazi yangu ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba za wageni na nguo za watu wa mtaani, na kazi hiyo naifanyia kwenye kistoo kilicho nyuma ya sebule yangu, kidogo kiasi kwamba ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote mbili. Kiangazi sina shida, uani kwangu jua ni la kumwaga. Lakini masika ya mwaka ule yalikuja na hasira, mvua asubuhi, mvua mchana, ziwa lenyewe halionekani kwa ukungu, mashuka yakikaa kwenye kamba siku tatu yanatoka na harufu ya mbwa aliyelowa, na wenye nyumba za wageni wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nikasema hapana, nanunua mashine ya kukaushia.

Nikapima kistoo kwa kamba yenye mafundo, nikaenda nayo Kigoma mjini kwenye duka la vyombo vya umeme. Muuza duka, kijana mpole sana, akanitolea mashine mbili ndogo zilizoweza kukaa juu ya ile yangu ya kufulia. Moja ilikuwa na bomba nyuma, bomba pana la kung'aa, lenye mikunjo kama utumbo wa ng'ombe, la kutolea mvuke nje. Nyingine haikuwa na bomba.

"Hii isiyo na bomba, mama, unyevu wote unageuka maji, yanakusanyika kwenye kisanduku hiki, wewe unamwaga tu."

Nikamcheka. "Mwanangu, mashine ya kukausha ndiyo inatoa maji? Si nibaki na mvua yangu?"

Akatabasamu. "Basi hii ya bomba. Lakini chumba chako kina dirisha?"

Nikasema, "Lipo."

Dirisha lilikuwepo kweli. Sebuleni. Kistoo kilikuwa na mlango na kuta na basi, lakini niliona nikianza kueleza nitaonekana mshamba, na moyo wangu ulishalipenda lile bomba linavyong'aa.

Fundi Filbert, Muha mwenzangu kutoka Kidahwe ambaye hunitengenezea vitu vyangu vyote, alipokuja kuifunga alizunguka kistoo mara mbili akitafuta pa kulitolea bomba. Nikamwambia apasue tundu darini alipandishe huko, mvuke si huenda juu? Akakuna kichwa, akalipandisha. Wiki haikuisha, dari langu likaanza kutoa matone, nikamwita tena nikamwambia, "Lisukume mbele huko, mbali na kwangu." Akanunua kipande kingine, akaunga, akasukuma gizani kwa mti mrefu mpaka mti ukaisha. Akashuka amejaa vumbi.

"Nimelipeleka mbali, mama. Lakini huko mbele ni wapi?"

"Ni huko huko juu tu," nikasema.

Sasa niwaeleze huko mbele ni wapi. Nyumba yetu ni moja iliyogawanywa mbili. Upande mmoja nakaa mimi, upande wa pili alikuwa anakaa Mzee Sumaili na mkewe Bi Mwamini, watu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo zamani sana. Mimi niliamini ukuta unaotutenganisha unapanda mpaka kwenye bati. Haupandi. Unaishia kwenye dari, na huko juu ni uwanja mmoja.

Na Mzee Sumaili alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla ya hapo. Jumatano aliniletea kanzu yake mwenyewe kwa mikono yake, akasema, "Mama Tumaini, naitaka Ijumaa," na Alhamisi alfajiri akaamka kutawadha, akakaa kwenye kiti chake na hakuinuka tena. Ile kanzu ikabaki kwangu ndani ya mfuko wa nailoni, haijafuliwa. Nilikwenda kuzika, nilikaa matanga siku tatu, kila siku nikisema kesho nitaipeleka, lakini unamrudishiaje mjane kanzu chafu ya mumewe? Baada ya matanga ikawa vigumu zaidi. Mwishowe nikawa sipiti hata mbele ya mlango wake, natokea uani kama mwizi, na yeye yuko eda, hatoki.

Basi siku moja alasiri, mvua inanyesha, mashine yangu inazunguka na mashuka kama kawaida ya saa hizo, nikasikia sauti ya Bi Mwamini kutoka upande wake wa uani. Haikuwa ya kupaza. "Mama Tumaini. Njoo kidogo."

Nikaenda, nikaacha mashine inazunguka. Nikamkuta amesimama katikati ya chumba na kaniki yake ya eda, anatazama juu ya kile kiti. Dirisha limefungwa, mlango nimeufunga mwenyewe kwa sababu ya mvua, lakini pazia lilikuwa linatikisika. Linavimba polepole, linalala. Linavimba, linalala.

"Kaa pale," akaniambia, akionyesha kiti cha marehemu.

Sikutaka kukaa. Nikakaa. Na hapo, jamani, nikaisikia shingoni. Pumzi. Ya moto, ya majimaji, kama ya mtu aliyeinama nyuma yako anataka kukunong'oneza jambo. Ikanipitia sikioni, ikakata, kimya, nikahesabu moja mbili tatu, ikarudi. Nikainua macho. Kwenye silingibodi kulikuwa na tundu la taa ya zamani, na kulizunguka tundu lile alama ya unyevu, kichwa na mabega mawili, kama mtu aliyelala kifudifudi huko juu akitutazama. Tone moja likadondoka kwenye mkono wa kiti.

"Huja alasiri," akasema Bi Mwamini. "Saa zake zile za kurudi barazani."

Nyinyi mnaonisikiliza mmeshajua ni nini. Mimi sikujua. Mtu mwenye kanzu ya marehemu chini ya kitanda hawazi mabomba. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: amekuja kudai nguo yake. Nikaaga kwa sauti isiyokuwa yangu, na usiku huo nililala na taa inawaka.

Habari haikukaa. Wifi yake, Bi Zuhura, dada wa marehemu anayeuza samaki wa migebuka huko Katonga na ambaye sauti yake inasikika mpaka katikati ya ziwa, alikuja akakaa kwenye kiti, akatoka analia. Kesho yake wakaja wanawake wanne. Keshokutwa kumi. Nyumba iliyokuwa kimya mwezi mzima ikawa na viatu mlangoni kila alasiri, watu wanaleta vyakula, wanamsomea dua, wanakaa chini kwenye mkeka wakisubiri pumzi. Ikija, hakuna anayekohoa. Bi Zuhura akatangaza, "Kaka yangu ana neno. Alhamisi tusome dua kubwa, aseme anachotaka."

Nikaona sasa nimekwisha, atanitaja jina. Alhamisi nikaamua kuifua ile kanzu nimpe Bi Mwamini kimyakimya baada ya dua. Nilipofungua mfuko, marashi yake ya udi yaliyofungiwa mwezi mzima yakanipanda puani kana kwamba amesimama mlangoni ananiuliza Ijumaa imefika. Nikaichovya kanzu haraka kwenye maji, nikaikamua (sabuni sikumbuki kama nilitia), nikaitupa kwenye mashine peke yake, nikabonyeza kitufe, nikajifunga ushungi, nikaenda msibani kama mtu asiye na neno.

Chumba kilijaa. Nilipata nafasi karibu na kile kiti, na kiti kilikuwa kitupu, hakuna aliyethubutu. Dua ikasomwa. Nje mvua, ndani giza la mawingu, na lile dari, nililitazama mara moja tu, lilikuwa limeshuka katikati kama tumbo, na yule mtu wa unyevu alikuwa ameongezeka, sasa ana mpaka kiuno.

Pazia likavimba.

Ikaja pumzi, na safari hii ikaja na harufu. Udi. Marashi ya Mzee Sumaili, yale yale, ya moto, yakamwagika juu ya vichwa vyetu, yakajaa chumba. Mwanamke mmoja akasema "La ilaha" akashindwa kumalizia. Bi Mwamini, ambaye siku zote hizo alikuwa ametulia kuliko sisi wote, akainuka taratibu, uso umempauka, akanyoosha mkono juu. "Bwana yangu?" akasema, kwa sauti ndogo sana. "Ni wewe kweli?"

"Sema, kaka!" Bi Zuhura akapiga kelele. "Unataka nini?"

Na juu kukavuma. Mmmmm.

Sikujizuia. Nikaanguka magoti mbele ya kile kiti kitupu nikalia kwa nguvu, "Mzee Sumaili, nisamehe! Kanzu yako iko kwangu! Nimekaa nayo mwezi mzima, lakini nimeifua, inakauka, nitaileta sasa hivi!"

Watu wote wakanigeukia. Na Bi Zuhura, mfanyabiashara hata msibani, akauliza, "Inakauka wapi na mvua hii?"

Sikuwahi kujibu. Dari likasema kwaa. Lile tumbo likapasuka, silingibodi ikashuka vipande vipande kama ugali uliolowa, na ndani ya vumbi na mvuke ukateremka mkono. Mweupe, unang'aa, mrefu, hauna vidole, ukaning'inia mbele ya uso wangu ukiyumba, na ukanipumulia.

Mimi nilikuwa wa kwanza mlangoni. Sijui nilimkanyaga nani. Nilipita juu ya sufuria la wali, kanga moja ikabaki kwenye komeo, nikatoka barabarani na mvua yote ile, miguu mitupu, gauni la ndani linaonekana, nikipiga kelele, "Ananifuata! Ananifuata!" na nyuma yangu wanawake kumi na kitu wakinifuata kweli, ndiyo maana kila nikigeuka naona nafuatwa naongeza mwendo. Nikafika msikitini wanaume wanatoka kuswali alasiri. Wakasimama ngazini, viatu mkononi, wakanitazama. Hapo ndipo Fundi Filbert, aliyekuwa amejikinga mvua kwenye kibanda jirani, akanishika mkono.

"Mana yanje, Mungu wangu, mama! Nani anakufuata?"

"Mzee Sumaili! Ametoa mkono darini!"

Tukarudi, yeye mbele na bisibisi, mimi nyuma yake nimejifunika turubai la watu, na nyuma yetu nusu ya mtaa. Akaingia. Akasimama chini ya ule mkono, akaushika, akaupindua, akachungulia ndani yake. Halafu akanigeukia, na mpaka leo namwombea heri kwa kuwa alijaribu kunong'ona.

"Mama Tumaini. Hili si bomba letu?"

Na kabla sijafungua mdomo, kutoka kistooni kwangu, kupitia bomba lile, mashine ikalia kuwa imemaliza. Tii, tii, tii. Pumzi ikakatika. Pazia likalala.

Kicheko kilianza kwa Bi Zuhura, kikatoka nje, kikafika barabarani, nikakisikia kinakwenda mtaa hadi mtaa. Nilikaa chini kwenye vipande vya dari nikatamani vingeniangukia vyote.

Mtu mmoja tu hakucheka. Watu walipopungua, Bi Mwamini akaniambia, "Nenda kailete." Nikaileta kanzu, imetoka kwenye mashine sasa hivi, ina joto. Akaipokea, akaikumbatia kifuani, akakaa nayo kwenye kile kiti chenye vumbi.

Nikaanza kuomba radhi. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Mwanangu, mimi nilijua ni mashine. Tangu siku ya pili. Huo mlio wake nausikia kila siku, na pumzi inakatika hapo hapo. Mzee hakuwa na mlio."

"Sasa Bi Mwamini, mbona hukusema?"

Akakunja kanzu, akaikunjua. "Baada ya matanga, watu walikwisha. Siku ishirini na kitu hapa hakubisha mtu, na mimi siwezi kutoka. Hata wewe, ukuta mmoja, nakusikia unakohoa, hukuja. Pumzi ilipokuja nikakuita, ukaja. Wakaja na wengine." Akainamisha uso kwenye kanzu. "Ila leo ilipokuja na harufu yake, leo na mimi niliamini. Kidogo tu. Hapo ndipo ulipokosea."

Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia vipande vya dari miguuni pake.

Dari nimelijenga upya, bomba limetolewa, na nimebadilisha mashine nikachukua ile inayotoa maji, ambayo kwa kweli inakausha vizuri tu. Kuhusu mbio zile watu wacheke, ni haki yao. Lakini nimejiwekea nadhiri, na naitimiza kila alasiri hata mashuka yakiwa mlima: sitaacha tena jirani mwenye msiba akae ndani siku zote hizo bila mimi kubisha hodi, nikisubiri kwanza moyo wangu uwe safi. Huwa nabisha hivyo hivyo na aibu zangu, na Bi Mwamini kabla hajafungua huniuliza kutoka ndani, "Ni mtu?"

Namjibu, "Ni mtu, bibi."