Gauni Nililolikata Kwenye Sanda ya Bibi

Siku redio iliposema nduli amevuka mpaka, mimi nilikuwa nashona mashati ya shule. Kibaraza cha Fundi Shabani, pale Chemchem, Tabora, kilitazama njia ya kwenda stesheni. Fundi alikaa kwenye cherehani nzuri, mimi kwenye ile inayoruka mishono. Asubuhi Bibi alikuwa amenigombeza kwa kuunguza uji, nikatoka nyumbani nimenuna. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na uji ulioungua ndio uliokuwa msiba wangu mkubwa.

"Tatu, punguza mguu nisikie," Fundi akasema.

Nikaacha kukanyaga. Redio ikasema jeshi la adui limeingia Kagera, watu wanauawa na ng'ombe wanaswagwa kuvushwa mpaka. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha shati la mtoto wa watu, akaivaa tena. Kisha akaniambia niendelee, vifungo bado.

Mimi ni muoga, nilisema hivyo zamani na nasema leo. Wenzangu wakisimulia vita vile husimulia nyimbo na jinsi nchi ilivyosimama pamoja, na ni kweli ilisimama. Mimi nilisimama nayo huku naogopa. Kaka yangu Ramadhani alikuwa mgambo, na hazikupita wiki nyingi akaitwa. Tulimsindikiza stesheni, Bibi na mimi. Behewa lilijaa vijana wanaoimba, naye akatoa mkono dirishani akamshika Bibi kichwani. Bibi Nyamizi ndiye aliyetulea sisi wawili baada ya wazazi wetu kufariki. Hakulia pale. Alilia jikoni, akasema ni moshi.

Baada ya hapo mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Kalunde, akaanza kupita nyumba hadi nyumba na amri. Kila nyumba ichimbe handaki. Madirisha yafunikwe nguo nyeusi, taa isionekane nje. Na nguo nyeupe zisianikwe uani.

"Rubani akiwa juu," alisema, "nyeupe anaiona kabla hajaona paa. Mmenisikia, kina mama?"

Tulimsikia sana. Habari za mabomu kudondoshwa miji ya ziwani zilikuwa zimeshatufikia, na kila aliyekuja na treni ya Mwanza aliongeza chumvi yake. Kaniki zote za mtaa zikapanda madirishani. Ya Bibi, ile aliyokuwa akijitanda akienda shamba, niliigongomea mwenyewe kwa misumari minne kwenye dirisha la mbele. Kuanzia hapo ndege yoyote ikipita, hata ya posta, mimi nilikuwa chini ya kitanda. Bibi alikuwa akinicheka. "Toka huko, mjukuu wangu, utakutana na nge."

Sasa lile gauni. Kundi la pili la mgambo lilikuwa linaagwa, na vijana wa tawi la chama tukatakiwa kutoa igizo. Mwalimu Salome, aliyefundisha shule ya msingi ya hapo mtaani, akatunga igizo la misafara ya zamani: wapagazi wa Tabora wanabeba mizigo hadi pwani, na mke wa mpagazi mmoja anakwenda nao kwa miguu, na mzigo wake kichwani. Huyo mke nikapewa mimi.

"Wewe fundi, utajishonea," Mwalimu akasema. "Lakini nataka gauni la zamani kweli, siyo kanga mbili na kilemba. Watu wazima watakuwepo, watatucheka."

Nikaenda kwa Bibi. Baba yake alikuwa mpagazi, alipasuka bega moja kwa mizigo, na mama yake aliwahi kufuata msafara. Nilipomuuliza mama yake alivaa nini, Bibi aliacha kuchambua mchele, akasimama katikati ya chumba akanionyesha kwa mikono. Kanzu ya kike ya merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa, ndefu hadi kifundo cha mguu. Mikono mipana yenye marinda begani. Shingo ya mviringo, imepasuliwa kidogo mbele, na utepe mwekundu kuizunguka. Juu yake kaniki, kwa ajili ya vumbi. Alinipima kwa shubiri zake mwenyewe, shingo hadi kifundo, akahesabu kwa Kinyamwezi. Sikuwahi kumwona amefurahi hivyo tangu Ramadhani aondoke.

Kitambaa kikawa shughuli. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na majembe, kitambaa hakuna. Nikakusanya mifuko ya unga wa ngano, nikaichemsha kwa majivu mara tatu, maandishi yakagoma kutoka. Nisingeweza kuigiza mke wa mpagazi na jina la kinu cha unga tumboni. Zilibaki siku sita.

Ndani ya sanduku la Bibi mlikuwa na merikani.

Kila mtu wa kwetu anajua sanduku la bibi lina nini chini kabisa. Bibi aliinunua sanda yake akiwa bado ana nguvu, kwa asali aliyouza mwenyewe, dukani kwa Mwarabu mmoja aliyekwisha kuhama. Wenzake walijiwekea bafta, pamba nyeupe nyembamba. Yeye akataka merikani, ya kina mama zetu, alisema, bafta ni nyepesi mno. Ilikuwa imekunjwa na vipande vya kafuri kati ya mikunjo. Kila mwezi ukiandama aliitoa, akaipunga hewa chumbani, akabadilisha kafuri, akairudisha. Mwezi ulikuwa umeandama juzi tu. Nikapiga hesabu kwamba nina karibu siku thelathini za kuirudisha.

Nilijua ni sanda. Sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa mtoto. Niliitoa Bibi alipokwenda kisimani, nikaweka mifuko ya unga mahali pake, nikaikunja vilevile, na kwa haraka nusura nifunge kidole ndani ya kifuniko.

Niliikata palepale kibarazani, Fundi alipokwenda kuswali adhuhuri. Merikani ile ya zamani ilikuwa ngumu, ilinivunjia sindano mbili. Bibi alikuwa amekwisha kunipima urefu, shingo nikaipima kwa uzi mwenyewe, nikaikata mviringo mdogo, maana shingo yangu ni nyembamba. Utepe nikautoa kwenye kanga yangu nyekundu iliyochanika. Fundi aliporudi akasimama pembeni yangu.

"Mbona panatoa harufu ya kafuri?"

"Kilikuwa sandukuni, Fundi. Kwa ajili ya mende."

"Mh!" Akakaa kwenye cherehani yake. Alikanyaga mshono mzima, akakata uzi. "Ndugu yangu yuko Bukene, huko Nzega. Nitampelekea salamu kwa treni, anitafutie bafta. Ikija nitakupa, ukamrudishie mwenyewe."

Hakusema mwenyewe ni nani. Nililala siku ile nikimwombea dua yeye na ndugu yake na treni nzima. Lakini treni zilibeba askari, askari na mahema, na kila asubuhi nilipouliza habari za Bukene, Fundi alitikisa kichwa.

Jumamosi saa kumi jioni tulikuwa uwanjani nyuma ya shule kwa jaribio la mwisho. Nilivaa gauni, kichwa kikapita kwa taabu. Lilinikaa vizuri, jamani, lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona, na wenzangu walinizunguka wakigusa marinda. Juu yake palitakiwa kaniki, lakini kaniki zote zilikuwa madirishani. Kwa hiyo nilikuwa mweupe toka shingoni hadi kifundoni, katikati ya uwanja mtupu.

Ikasikika ndege.

Haikuwa ya posta. Sauti ilikuwa nzito na ilikuwa chini.

Mtu akapiga kelele, kisha wote. Wapagazi wangu wakatupa mizigo yao ya mabua wakakimbia. Mwalimu Salome akawasukuma watoto wadogo kwenye handaki lililochimbwa kando ya uwanja.

Mimi sikukimbia. Nilisimama palepale.

"Vua nyeupe!" sauti ikaita toka handakini. "Tatu! Vua, utatuua!"

Jiwe likanipiga kiunoni. Nani alilirusha sijui, na sikuwahi kumlaumu. Nikaanza kuvuta kanzu kichwani, na ile shingo yangu nyembamba, niliyoipima kwa uzi, ikakataa kupita. Nikakwama ndani ya kitambaa, sioni kitu, navuta pumzi ya kafuri tu. Nilijua nakufa. Nilimwita Bibi.

Naye akanijibu. Alikuwa karibu sana. Kitu kizito kikanifunika kikawa giza, mikono ikanishika, akaniburuta, hatua tano, hatua sita, na tukaanguka wote wawili handakini, yeye chini, mimi juu yake. Nikasikia mfupa ukivunjika.

Ndege ikapita.

Ikaendelea kwenda kusini na sauti ikafifia. Hakuna bomu lililoanguka Chemchem siku ile, wala siku nyingine yoyote. Baadaye ilisemekana ilikuwa ndege yetu, imebeba majeruhi. Sijui. Wakati ule kila mtu alijua kitu na hakuna aliyejua.

Bibi alikuwa amevunjika nyonga. Hospitali ilikuwa na askari waliolazwa hadi kwenye veranda, nikapita katikati yao nikiwa na gauni la tope, na mmoja asiye na mkono aliniuliza kama natoka harusini. Walimfunga Bibi, wakampa dawa ya maumivu, wakatuambia mfupa wa mtu wa umri ule ni kazi ya Mungu. Tukamrudisha nyumbani kwa machela. Siku ya nne homa ikapanda.

Siku hiyo ndipo nilipotazama dirisha la mbele. Lilikuwa wazi, na misumari minne imebaki na nyuzi nyeusi. Kilichonifunika uwanjani ni kaniki yake. Aliichana ukutani akaja nayo mbio, mwanamke wa miaka sabini na kitu. Nikakaa chini. Ningekuwa nimevaa kanga kama siku zote, angebeba kaniki ya nini?

"Bibi," nikasema, "ulijua?"

Alikuwa amefumba macho. "Mifuko ya unga inanuka unga, Tatu. Sanduku langu lilinuka unga tangu Jumanne."

"Mbona hukunipiga?"

"Nilitaka kuliona kwanza." Akapumua. "Marinda umeyaweka vizuri. Mama yangu yake yalikuwa mapana kidogo."

Nikalia mpaka Mzee Kalunde akaja kuuliza kuna nini. Nikamwahidi Bibi bafta ya Bukene inakuja, na kama haiji nitakwenda mwenyewe kwa miguu, Nzega yote nitaizunguka. Akasema niache kelele, nimletee maji.

Alifariki siku ya tisa, asubuhi. Bafta ilikuwa haijafika.

Nikalifua gauni mara tatu na tope la handaki halikutoka upande wa kulia. Kisha nikakaa uani nikalifumua. Sanda haishonwi, kila Mwislamu anajua, na mimi nilikuwa nimeishona kwa mashine, mshono maradufu, kwa sababu Fundi Shabani alinifundisha kazi isiyofumuka. Nilikata uzi mmoja mmoja kwa wembe. Marinda yakalala. Mikono ikabanduka. Utepe mwekundu ukatoka, na kila mahali ulipopita sindano pakabaki tundu.

Bi Tausi, jirani yetu, ndiye aliyeosha maiti za wanawake mtaani. Alipokea vile vipande akavitandaza mkekani. Akaona matundu. Akaona doa. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja anitangaze mbele ya msiba mzima.

"Havitoshi," akasema. "Umevikata ovyo." Akatoka. Aliporudi alikuwa na bafta mkononi, ya kwake, toka sandukuni kwake, na mkasi. Akakata mbele yangu. "Sanda ya mwanamke ina kanzu ndani yake, unalijua hilo? Shuka tutatumia yangu. Kanzu ya kumvalisha, hii yako itafaa. Njoo unishikie, na ufunge mdomo wako."

Nikamshikia. Na ilipofika kumvalisha Bibi kanzu, haikupita. Shingo ilikuwa ndogo, ile niliyoikata kwa kipimo changu mimi. Bi Tausi akanitazama, akachukua mkasi, akaipasua hadi kifuani, ikapita. Wanaume waliokwenda kuzika walisema palikuwa shwari, ila mtu mmoja makaburini alikuwa akitazama juu muda wote, akingoja ndege.

Bafta ya Bukene ilifika baada ya arobaini. Niliipeleka yote kwa Bi Tausi, akaiweka sandukuni bila kuikunjua.

Ramadhani alirudi vita vilipokwisha, amekonda, na masikio yake yalikuwa yanavuma. Nilimweleza kila kitu, nikingoja anichukie. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema alikozika wenzake wapo waliofungwa kwenye blanketi, na wapo waliofungwa kwenye turubai la lori, na mmoja hakuwa na cha kufunga. "Bibi alivaa nguo uliyomshonea wewe," akasema. Alidhani ananituliza.

Leo mimi nakaribia umri aliokuwa nao Bibi. Nina sanduku, na chini kabisa nina bafta, na kila mwezi ukiandama naitoa, naipunga hewa, nabadilisha kafuri. Wajukuu wangu wanacheka. Nyumba sasa zina umeme, madirisha yana mapazia ya maua. Lakini ndege ikipita chini bado naacha ninachofanya, na kitu cha kwanza ninachokihisi si masikioni bali ni shingoni, pale kitambaa kilipokataa kupita, na mara zote huwa naita jina lilelile.

Hajajibu tena. Aliitika mara moja, na alikuja na kaniki.