Shikamoo ya Kiingereza

Dada yangu anakaa Ziwani, analima mikorosho na muhogo, na sijaona mtu wa kumshinda kwa salamu. Ukikutana naye barabarani ukiwa na haraka, pole yako. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za shamba, za yule mgonjwa wenu, hata za mbuzi uliyemtaja mwaka jana. Na wewe usipomuuliza zake, atasimama papo hapo akusubiri. Mimi ni mdogo wake, nafundisha Kiingereza shule ya msingi mjini na naishi Rahaleo. Nikienda kwake, najua kabisa chai nitaikuta imepoa.

Mwaka huu mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Zambia, alipiga simu kusema amepata mchumba huko huko na anamleta mama amwone. Binti hajui Kiswahili. Kwetu kijana haoi bila radhi ya mama. Mjomba naye ana neno lake, na mjomba ndiye mimi, ila mbele ya dada yangu neno langu siku zote ni "sawa, dada". Kijana akanipigia mimi pembeni.

"Mjomba, mama akimkataa sijui nitafanya nini. Nampenda kweli."

Nilimwambia asiwe na shaka. Shaka yote nikabaki nayo mimi.

Dada akaniita nimfundishe salamu za Kiingereza, mgeni asije akadhani ameingia kwa watu wasio na adabu. Tulikaa barazani, yeye akimenya ming'oko, vile viazi vya porini.

"Haya, mwalimu. Shikamoo yao ni ipi?"

"Hawana, dada."

Kisu kikasimama. "Hawana? Sasa mkubwa anajulikanaje?"

Nikamweleza kwamba mtu wa heshima wanamwambia "Good morning" asubuhi na "Good afternoon" mchana. Wanaozoeana wao ni "Hi" tu, basi. Kisha huulizana "How are you?", yaani hujambo, na mwenzio anajibu "Fine", mzima, anapita zake.

"Hata kama anaumwa?"

"Hata kama anaumwa."

"Basi wanauliza ya nini?"

Miaka yote niliyofundisha hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hilo. Dada akarudi kwenye ming'oko yake, akamenya mmoja, halafu akatoa hukumu.

"Akiniambia Good afternoon, nitajua amelelewa. Akiniambia Hi, mimi si shoga yake wa kisimani. Atarudi alikotoka."

Nilijaribu kumtetea binti wa watu ambaye hata sijamwona. Wapi! Dada yangu akishaamua, umeongea na ukuta. Nikampigia mpwa wangu kumtahadharisha. Akacheka, akasema mchumba wake ana kitu bora kuliko hicho Kiingereza changu: anafanya mazoezi ya "shikamoo" tangu wanafunga mizigo. Nilifurahi nikalala usingizi mzuri.

Wakafika mchana, bajaji ikawashusha mbele ya nyumba. Mama wadogo na majirani walikuwa wamejaa uani, macho yote kwa mgeni. Dada alivaa khanga mpya, akasimama ameshika nguzo ya baraza kwa sababu ya goti lake. Binti akasogea, akatabasamu, akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua tena. Niliona kwa macho yangu neno likimponyoka.

"Hi, Mum!" akasema. Kisha, kwa kubabaika, "How are you?"

Uso wa dada ukajifunga. Mpwa wangu akatazama chini. Nilitamani bajaji ile inichukue mimi.

Lakini dada alikuwa ameulizwa habari zake, na habari dada haachi bila kujibu, hata aulizwe na adui.

"Mwambie," akaniambia bila kumtazama binti, "goti linaniuma tangu masika. Mikorosho imepata ubwiriunga, maua yanakauka, na salfa ya kupulizia imechelewa. Mbuzi mmoja haonekani. Na tangu huyu mwanangu aondoke, chakula cha usiku nakula peke yangu, na sipendi."

Hilo la mwisho hakuwahi kuniambia hata mimi. Lilinichoma. Nikamgeukia binti, nikasema kwa Kiingereza kwamba mama hajambo, ila goti kidogo.

Binti akanikazia macho. "Mjomba, amesema mengi kuliko hayo," akanijibu kwa Kiingereza chake kizuri. "Tafadhali niambie yote."

Nikamwambia yote, pamoja na chakula cha usiku.

Akatua mkoba wake. "Ni goti lipi?" akauliza, na kabla sijatafsiri alikuwa ameshapiga magoti mchangani mbele ya dada yangu, akiligusa lile lililovimba kwa vidole viwili. Akataka kujua kama linauma zaidi asubuhi. Akauliza kama mikorosho itapona, mbuzi alikuwa wa rangi gani, na mama anapenda kula nini usiku. Mimi hapo nilitafsiri mpaka koo likakauka, na dada akajibu kila kimoja, pole pole, sauti ikizidi kulainika.

Maswali yalipokwisha, dada akamwekea kiganja kichwani.

"Marahaba," akasema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwako."

Mpwa wangu akajifuta macho kwa mkono wa shati, akisingizia vumbi la njiani. Vumbi hilo lilinifikia na mimi.

Asubuhi yake dada alikuwa anafagia uani, nami nimekaa na kikombe changu, binti akatoka ndani mbio mbio. Neno lilikuwa limemrudia.

"Shikamoo, mama!"

Dada akaegemea ufagio, akamtazama bila kucheka.

"Hi!" akamjibu, akamsogezea kigoda akae, wakaanza kuulizana habari, na mimi katikati natafsiri, chai inapoa.