Dodo Lililoanikwa Mwambani

Klara wa Kinampanda alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakuweza kuona chakula kikiharibika akanyamaza. Ndiyo maana ule mwembe wa dodo, ambao kokwa lake mumewe Zefania alilileta kutoka mashamba ya mkonge Tanga, ulimfurahisha na kumtesa kwa pamoja.

Na dodo lile, jamani, lilikuwa dodo kweli! Si kama yale maembe madogo yenye nyuzi, unakula kidogo kisha unashinda ukichokonoa meno. Hili lilijaa kiganja, ngozi nyembamba, nyama laini ya manjano iliyokolea, na maji yake yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Wanawake waliotoka kujifungua walilitamani kuliko uji. Wazee wenye matumbo magumu walikula mawili asubuhi, na kufikia mchana walikuwa wamepata nafuu isiyohitaji kusimuliwa. Kasoro yake ilikuwa kuiva yote kwa mkupuo mwezi wa kwanza, watu wakashiba, yaliyobaki yakawa ya nzi.

Klara akaamua kuyafanya kama alivyofanya viazi na mlenda kila mwaka. Akamenya, akakata vipande vyembamba, akavianika juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Jirani yake Selina, mama kijana mwenye mdomo mwepesi, alipita na mtungi kichwani akacheka hadi maji yakamwagika.

"Shikamoo, mama. Mwaka huu tutasonga ugali wa embe?"

"Marahaba. Cheka tu, mwanangu, meno ni yako."

Maneno yale yalimuuma, lakini aliendelea kugeuza vipande vyake. Mwezi ulipoisha alikuwa na kapu zima la maembe makavu yanayonukia nyumba nzima.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mtama ulikaukia shambani, mboga zikaadimika, ng'ombe wakabaki mbavu. Kufikia mwezi wa kumi, Luciana, binti wa Selina wa miaka minne, akaanza kupapasa ukuta kila jua lilipozama. Mchana aliona vizuri. Jioni alikuwa kipofu. Selina akambeba mgongoni mpaka zahanati ya misheni. Dresa, mganga msaidizi wa pale, hakumzungusha: mtoto amekosa vyakula vya kulinda macho. Ampe maini, mboga za majani, maembe yaliyoiva, na mafuta kidogo. Akichelewa, macho yanaweza kufa moja kwa moja.

Maini ya nani? Maembe ya wapi, mwezi wa kumi?

Jioni ile Selina alifika kwa Klara na mtoto, akapiga magoti. "Mama, yale maembe niliyoyacheka..."

Tusimfiche Klara: alikasirika. Alikuwa na maneno aliyoyaweka tangu mwezi wa kwanza, makali, yamepangwa vizuri. Tena kapu lilikuwa limebaki nusu, na wajukuu wake mwenyewe walikuwa na njaa. Kisha akamwona Luciana akinyoosha mkono kumtafuta mama yake aliyekuwa hatua moja tu mbele yake, na hasira yote ikamwisha.

"Inuka, mwanangu. Mlete kila siku, ale hapa nikimwona."

Kila asubuhi Klara aliloweka vipande, jioni akavisaga mpaka vikawa uji mzito wa manjano, akatia kijiko cha samli. Luciana alilamba kibakuli na vidole. Wiki ya kwanza ikapita, mtoto bado anapapasa. Selina akaacha kuuliza. Klara naye akaanza kuogopa, ingawa hakumwambia mtu. Aliongeza samli tu, na sala.

Jioni moja ya wiki ya pili walikuwa wameketi uani, mtoto katikati yao. Giza lilikuwa limeshaanza kuingia, Klara mwenyewe hakuona vizuri kilichobaki kwenye kibakuli. Luciana akaacha kula, akainua uso.

"Mama," akasema, "mbona unalia?"

Na Selina hakuwa ametoa sauti yoyote.