Johari Aliyeinyamazisha Mashine ya Rama

Mie sikusoma, lakini jirani yangu Johari binti Shee, wa hapa Likoni, namjua kuliko walosoma. Alikwea minazi na leso yake kiunoni, kunguru wakampisha. Nikisema uwongo, jino langu hili moja na ling'oke.

Mwaka ule wa kungojea bendera mpya, alikuja mwalimu wa chuo, Jamaludin, akaomba shamba la Johari. Juu ya nguzo akatandaza nyaya, chini akaweka masanduku. Alisema chembe isiyoonekana hutoka mbali huko mbinguni, ikipiga hewa hupasuka, ikamwaga manyunyu ya chembe nyingine hadi ardhini. Sanduku likinasa manyunyu, taa huwaka. Waya ukinasa mlio wake, redio hutatarika. Taa na mlio vikija pamoja, ndiyo chembe yenyewe. Johari ndiye alozifunga nyaya na kuzilinda, akijinaki hadi kisimani kwamba mbingu yasikilizwa kwake.

Lakini redio ilinguruma tu mchana kutwa. Jamaludin akatambua ni cheche za mashine ya kusaga ya Rama, pale mpakani mwa shamba. Akaenda kumwomba aipumzishe kila alasiri. Rama akamjibu kuwa watu hawali mbingu. Basi Jamaludin akaanza kukunja nyaya azipeleke Malindi.

Johari akajitanda buibui, akenda mwenyewe. Rama ni binamuye, na binamu ni mtani: huitana mume na mke kwa mzaha, cha mtani huchukuliwa mchana kweupe, na akinuna huchekwa na ukoo mzima. Johari akaizima mashine, akang'oa plagi, ile itoayo cheche, akaitia kifuani, penye kikuba chake, kishada cha asumini.

Rama akatazama kikuba, akatazama wanawake walongojea kusagiwa.

"Nipe, mke wangu."

"Alasiri ikisha, mume wangu. Na kila siku hivyo hivyo, ama nitakuja kukulilia matanga ungali hai."

Wale wanawake walicheka hata bati la paa likaruka, likaangukia Shelly Beach. Rama naye ikambidi acheke, akakubali.

Redio ikatulia. Mara taa ikawaka, na redio ikatatarika papo hapo. Jamaludin akasema moja haitoshi. Ikaja ya pili. Akaanza kuzikunjua nyaya, na Johari akamshikia ncha, shingo imemsimama kama bi harusi.

Plagi alimrudishia Rama jioni ile. Na wallahi, unga wa Likoni ulinukia asumini hadi siku ya bendera.