Kompyuta Iliyomgeuza Mbuzi Kuwa Mtu

Hii hamtaiamini: kompyuta ilimwambia Namnyaki wa Levolosi kwamba nyama aliyoileta ni ya mtu! Msomi wetu alikuwa anajifunza kulinganisha vinasaba, na ili apate cheti ilibidi atambue mnyama kwa kipande cha nyama. Akabeba kipande cha mbuzi choma wa sherehe ya ukoo, alichokatiwa na mzee mmoja mtanashati, anayelamba kisu kila akikata. Maabara ikampa herufi za vinasaba, akaziingiza kwenye kompyuta, jibu likaja: binadamu.

"Dada, hayo ni mate ya mkataji; kalete nyama isiyolambwa," mwalimu akasema, "la sivyo cheti huna."

Habari zikafika kwetu Kikatiti. Ukoo mzima ukatapika, mchungaji akakimbia peku, polisi wakaja na mbwa wa...

"Mjomba!" Namnyaki akanikatiza. "Mbuzi wa pili alisomeka, cheti nikapata. Aliyetapika ni wewe tu, na kisu ulilamba wewe!"